Kabla ya kuchimba mtaro, tuongee kwanza na mwenye shamba

Juma hili mvua imenyesha siku nne mfululizo, na sisi wamama tunaolima mlimani kila asubuhi tunaangalia kitu kimoja kabla hata ya kuwasha moto: rangi ya maji ya mto. Yakiwa safi tunamshukuru Mungu na kuendelea na kazi. Yakiwa mekundu kama tofali, tunajua kuna shamba la mtu linateremka kwenda ziwani, na pengine ni letu. Mama mmoja katika kikundi chetu huwa anasema, "Angalieni, bukari ya watoto inapita." Zamani tulicheka. Siku hizi hatucheki tena.

Wamama wa vikundi jirani wametuuliza mara nyingi tuliwezaje kuchimba mitaro ya kuzuia udongo kwenye kilima chetu, maana wameona majani yamesimama mistari mistari na maharagi yamependeza. Tutaeleza. Lakini hatutaanza na mtaro, kwa sababu mtaro haukuwa jambo gumu. Jambo gumu lilikuwa shamba lenyewe ni la nani, na hapo ndipo tulipoanguka mara ya kwanza.

Hakuna mtu wa Kivu ya Kusini anayehitaji kuelezwa maji yanaweza kufanya nini. Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, ikashusha mawe na matope na miti juu ya Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena, jamaa zao wakabaki bila hata kaburi la kulilia. Siku mbili kabla ya hapo, ng'ambo ya ziwa, Rwanda walikuwa wamepoteza watu zaidi ya 100 usiku mmoja kwa mafuriko na maporomoko. Ndugu zetu wa Uvira nao wanakumbuka mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipoingia mjini na kubeba nyumba. Soko ni mahali pa wamama. Kila mmoja wetu aliposikia habari ya Nyamukubi alijiona ameketi pale, kikwembe chini, ndizi mbele yake, mtoto mgongoni.

Hatutaki kudanganya mtu. Mawe makubwa kama nyumba yakianza kuteremka, hakuna mtaro wa jembe wala majani yatakayoyasimamisha. Pale neno ni moja tu, watu wasijenge njiani mwa mto, na walio njiani wapate mahali pengine pa kukaa. Hilo ni kazi ya serikali na ni lazima tuendelee kulidai. Lakini kati ya balaa moja na jingine kuna mvua ya kila siku, ile isiyotangazwa redioni, inayochukua udongo kidogo kidogo. Hiyo ndiyo iliyotufilisi sisi. Na hiyo inazuilika.

Fikirini jinsi tunavyolima. Mwezi wa tisa tunageuza udongo, tunachoma magugu, tunapanda maharagi. Shamba linabaki uchi kabisa, na ni wakati uleule mvua inaanza kupiga kwa nguvu. Tone la mvua likianguka juu ya jani linapoteza nguvu. Likianguka juu ya udongo uchi linaupasua. Maji yanayokosa kuingia chini yanaanza kukimbia, na kadiri yanavyoteremka yanaongezeka mbio na kubeba zaidi. Kinachoondoka kwanza ni ule udongo mweusi wa juu, wenye mbolea. Kinachobaki ni ule mwekundu mgumu ambao hata muhogo unaukataa. Wakati wa mama zetu shamba lilipumzishwa miaka michache likarudisha nguvu. Leo ardhi imegawanywa kwa watoto na wajukuu hata vipande vingine mtu anavivuka kwa hatua ishirini. Nani atapumzisha hatua ishirini?

Basi kikundi chetu, wamama ishirini na watatu, wengi wakiwa wajane au wake ambao mabwana wao wako migodini, tulitafuta shamba kubwa la kulima pamoja. Tulipata mteremko juu ya chemchemi ya kijiji. Ulikuwa umechoka, umejaa majani makavu, hakuna aliyeutaka. Tuliuchukua kwa bwasa. Kwa wasomaji wasiokaa Bushi, tueleze kidogo. Huku kwetu kuna kalinzi na kuna bwasa. Kalinzi ni ile haki ya kudumu: mtu, karibu kila mara mwanaume, alimpa mwami au shefu ng'ombe au kitu kingine cha heshima, akapata ardhi ambayo watoto wake watairithi. Bwasa ni kukodi kwa muda. Unamlipa mwenye shamba kwa mazao, kwa kasiksi, kwa siku za kazi au kwa pesa, unalima mihula michache, halafu unarudisha. Kwenye bwasa unapanda maharagi, viazi, mahindi. Hupandi mgomba, hupandi kahawa, hupandi mti. Anayepanda mti anaonekana ameanza kusema shamba ni lake.

Sasa angalieni mahali sisi wamama tunaposimama. Binti harithi kalinzi ya baba yake, maana anaenda kuolewa. Mke halimi lake, analima la bwana. Mjane anategemea shemeji zake. Kwa hiyo anayelima kwa bwasa mara nyingi ni mama. Na kila kitu kinachozuia udongo, yaani miti, majani ya miaka mingi, mitaro, ni kile ambacho mtu wa bwasa hana ruhusa kukifanya. Watu wa mradi wanakuja, wanatufundisha wiki nzima, wanatupiga picha na majembe mapya, wanaenda, wakiandika kwamba wamama hawana mwamko. Mwamko tunao. Shamba ndilo hatuna.

Muhula wa kwanza hatukuchimba chochote. Tulipanda tu. Mwezi wa kumi mvua ya mchana mmoja ilichukua mbegu zote za upande wa juu, na matope yakateremka hadi kwenye chemchemi. Wiki mbili tulichota maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watoto wengi wakaugua tumbo. Wenzetu wa kijijini walitulaumu sisi, na walikuwa na haki.

Muhula uliofuata agronomu mmoja alituonyesha namna ya kuchimba, nasi tukachimba bila kumwuliza mwenye shamba. Tulifikiri atafurahi. Tulichimba mitaro minne, tukapanda setaria kwenye ukingo wake na kaliandra katikati. Tulitumia miezi miwili, kila Jumatano na Jumamosi. Baada ya mwaka mmoja na nusu maharagi yalikuwa yametoa mavuno ambayo kilima kile hakijapata kuyaona tangu tuolewe. Hapo mwenye shamba alikuja, akatazama, akaenda kimya. Juma lililofuata vijana wake waling'oa kaliandra yote, na sisi tukaambiwa mavuno haya ni ya mwisho.

Tulilia, hatuoni haya kusema. Wengine walitaka kwenda kumtukana. Mwenyekiti wetu, aliye mkubwa kuliko sisi wote, alikataa. Alisema twende tumsikilize kwanza. Tulimkuta mzee ana hofu kuliko sisi. Alituambia wazi: wamama ishirini na watatu wamepanda miti shambani mwake bila neno, wana kitabu cha kikundi, wana rafiki mjini, yeye akifa kesho watoto wake wataambiwa nini? Kwa desturi yetu, hofu yake haikuwa ya kijinga. Tungekuwa watoto wake, tungeogopa vilevile.

Shamba lile hatukulipata tena. Lilienda kwa mtu mwingine. Lakini tulipoomba la pili, kwa mzee mwingine upande wa pili wa chemchemi, tulianza na kuongea. Mazungumzo yalichukua miezi mitatu na vidumu kadhaa vya kasiksi. Mwisho tuliandika karatasi, na tunaomba kila kikundi kinachosoma hapa kiitazame vizuri, maana karatasi hiyo ndiyo inayoshika udongo wetu hadi leo.

Kwanza, inasema wazi kwamba shamba ni la mzee na litabaki la mzee na watoto wake. Neno hilo tuliliweka juu kabisa, kabla ya majina yetu, na hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Inataja mipaka kwa majina ya majirani wa pande zote nne. Inataja miaka sita, si muhula. Kwa nini sita? Kwa sababu mwaka wa kwanza wa mitaro unakula nguvu tu, wa pili unarudisha kidogo, faida unaanza kuiona wa tatu. Anayekodi mwaka mmoja mmoja hana sababu ya kuchimba. Inataja tunalipa nini kila mavuno, na kwamba malipo hayatapanda ati kwa sababu shamba limependeza. Inasema kama mzee atalitaka kabla ya miaka sita, atangoja tuvune, na atarudisha siku za kazi tulizochimba, ambazo tumeziandika moja moja kwenye daftari.

Halafu kuna neno la miti. Hapa tulijifunza kutokana na kilio chetu. Tulikubaliana kwamba majani na matawi ni yetu, kwa mifugo na kwa vijiti vya kusimamishia maharagi marefu; lakini mashina ya grevilea ambayo tumepanda mpakani ni ya mzee, siku ya mwisho atayakata mbao akitaka. Tangu siku ile hatuna mlinzi wa miti kuliko yeye. Mbuzi wa jirani akiingia, mzee anafika na fimbo kabla yetu.

Waliotia sahihi au kidole ni mzee, mke wake, mtoto wake mkubwa, watu watatu wa kamati yetu, majirani wawili, na shefu wa kijiji. Tulisisitiza mke na mtoto watie sahihi, kwa sababu mzee ni mzee, na ugomvi mwingi wa mashamba unaanza siku ya matanga. Nakala zilikuwa tatu: yake, yetu, na ya shefu.

Mama mmoja aliuliza kama mke wa mtu anaweza kutia sahihi karatasi namna hiyo bila bwana wake kumpa ruhusa. Swali hilo lilitusumbua, tukaenda kuuliza. Kitabu cha Sheria ya Jamaa cha 1987 kilikuwa kinamdai mke apate ruhusa ya bwana. Kilirekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, na ruhusa ile ya upande mmoja imeondolewa. Sasa inatakiwa mume na mke wapatane, wote wawili sawasawa. Katiba ya inchi yetu nayo, kifungu cha 14, inaagiza viongozi waondoe kila ubaguzi dhidi ya mwanamke. Na sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni wa Leta, si wa mwanaume. Tunayataja haya ili myajue, si ili mwende kumpiga nayo mzee kichwani. Kwenye kilima chetu sheria ya Kinshasa inafika imechoka. Iliyofika na nguvu ni karatasi yenye sahihi ya shefu na majirani wawili.

Sasa tuje kwenye jembe.

Kosa la wengi ni kuchimba mtaro kwa macho. Jicho linadanganya mlimani. Mtaro ukiinama hata kidogo upande mmoja, maji yote yanakimbilia pale, yanavunja ukingo, na umejitengenezea korongo badala ya kinga. Lazima mtaro uwe sawa kabisa toka mwanzo hadi mwisho, kama maji yaliyotulia katika sahani. Chombo cha kupimia hakigharimu franka hata moja. Tunachukua miti miwili iliyonyooka, kila mmoja kama metre mbili, tunaifunga pamoja juu na kuitanua chini kama miguu ya mtu anayepiga hatua, halafu tunafunga mti mfupi katikati kwa kulala. Inakuwa kama herufi A. Kutoka juu tunaning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule mti wa kulala.

Kabla ya kukitumia unakifundisha. Simamisha miguu juu ya mawe mawili, weka alama mahali kamba inapogusa mti wa kulala. Geuza chombo, mguu wa kushoto ukanyage alipokanyaga wa kulia na wa kulia alipokanyaga wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Chora hapo kwa makala. Basi unaanza pembeni mwa shamba, mguu mmoja umesimama, mwingine unautafutia mahali mpaka kamba itulie kwenye alama ya katikati. Piga kijiti chini. Zungusha chombo, endelea. Vijiti vikifika mwisho wa shamba mtashangaa, maana mstari unapinda kuliko mlivyodhani, na kila mtu atasema umekosewa. Msiunyooshe. Hiyo ndiyo njia ya usawa.

Tunaanza juu ya shamba na kushuka. Kati ya mtaro na mtaro tunaangalia kimo: mama anasimama kwenye mstari wa chini, anatazama mbele bila kuinua wala kuinamisha kichwa, na pale macho yake yanapogusa mlima ndipo mtaro wa juu unapopita. Mlima mkali, mitaro inakaribiana yenyewe. Mlima wa pole, inaachana. Kina na upana wetu ni kama nusu metre. Tena hatuchimbi mfululizo. Kila baada ya hatua kadhaa tunaacha kizingiti cha udongo usiochimbwa, ili maji yakiingia yakae mahali pake na kunywewa na ardhi, yasitembee ndani ya mtaro kutafuta mlango.

Udongo unaotoka tunautupa upande wa juu, unakuwa ukingo. Mvua ikisukuma udongo wa shamba, unaegemea ukingo ule, na mwaka hata mwaka shamba linalala lenyewe kama ngazi. Agronomu alitufurahisha aliposema kwamba namna hiyo ilikuzwa sana upande wa Machakos, Kenya, na duniani kote hata kwenye vitabu vya Wazungu inaitwa "fanya juu", kwa Kiswahili chetu hichohicho. Juu ya ukingo tunapanda setaria au tripsakumu, mistari miwili, karibu karibu. Mtaro bila majani hauishi mihula miwili.

Tunaongeza onyo ambalo sisi hatukupewa. Mtaro unaingiza maji ndani ya ardhi. Mahali pengi hilo ni jema. Lakini kama mlima ni mkali kupita kiasi, na udongo wake ni mzito, na umeanza kuonyesha nyufa au miti imeinama pamoja upande mmoja, maji yale yanaweza kuulegeza ukateremka wote. Pale msichimbe. Pandeni miti na majani, acheni kulima hapo, na kama kuna nyumba chini yake, semeni kwa shefu mapema. Sisi tuna kona moja ya namna hiyo. Tumeiachia nyasi, na ndiyo inayolisha simbilisi wetu.

Maana swali la kwanza la mama yeyote ni hili: mistari yote hiyo ya majani inakula shamba, nami ninapata nini? Ni kweli, inakula. Lakini setaria inakatwa mara kwa mara, na simbilisi na sungura hawahitaji zizi kubwa wala mchungaji. Mavi yao yanarudi shambani. Kuna watoto kwenye kikundi chetu ambao madaftari yao ya shule yalinunuliwa na simbilisi. Vijiti vya kaliandra navyo tulikuwa tunavinunua kila muhula; sasa tunauza.

Chemchemi imetufundisha jambo lingine. Tulidhani inachafuka kwa sababu ya watu wanaochota vibaya, tukagombana miaka mingi kuhusu bidoni na foleni. Kumbe maji ya chemchemi yanaanzia shambani juu. Tangu mitaro ianze kunywa mvua, maji hayageuki mekundu siku ya mvua, na wakati wa kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, bomba linaendelea kutoka wakati zamani lilikuwa linadondoka tu. Hatujaweka kipimo, tunahesabu kwa saa binti zetu wanazorudi. Wanarudi kabla ya giza, na mama anajua uzito wa neno hilo.

Tumezungusha uzio wa miti hai juu ya jicho la chemchemi, tumechimba mfereji mdogo wa kupindisha maji ya mvua yasiingie, na tumekataza choo na ng'ombe hatua thelathini na zaidi upande wa juu. Choo kimoja kilikuwa karibu zaidi. Kilikuwa cha mmoja wetu. Alikifukia mwenyewe na tukamsaidia kuchimba kingine. Kipindupindu kimezunguka sana pande hizi zetu za maziwa, hakuna haya katika hilo. Mikalitusi iliyokuwa inaizunguka chemchemi tumeomba ikatwe pole pole, maana inakunywa kuliko kijiji. Mwenye nayo amekubali minne. Bado kumi na moja.

Kuhusu nguvu kazi tutasema kwa ufupi. Kuchimba ni kuzito, na mama mwenye mimba au mtoto mchanga hachimbi kwetu. Anapika, analea watoto wa wengine, na siku yake inaandikwa sawa na ya mwenye jembe. Hilo lilileta maneno mwanzoni. Tuliweka salongo yetu Jumamosi asubuhi, saa mbili hadi saa tano, si zaidi. Likelemba yetu ndiyo iliyonunua majembe. Wanaume walianza kuja mwaka wa pili, walipoona maharagi.

Tunajua vikundi vingine vinachimba kwa kulipwa unga na mafuta na miradi. Hatuwalaumu, njaa ni njaa. Tumeona tu kwamba mitaro iliyochimbwa kwa unga, unga ukiisha, hakuna anayeizoa matope, na mtaro uliojaa ni kama haupo. Wazee wetu nao wanakumbuka mitaro ya wakati wa Wabelgiji iliyochimbwa kwa kulazimishwa. Uhuru ulipofika watu waliifukia kwa furaha. Mitaro ile ilikuwa mizuri. Haikuwa yao.

Kwa vikundi vilivyotuandikia: Jumanne ijayo baada ya soko tutakuwa pale kwenye uwanja wa kanisa, tutatengeneza chombo cha A pamoja, leteni miti mitatu na kamba. Karatasi yetu ya makubaliano tutaisoma kwa sauti, anayetaka kuinakili aje na daftari. Wanaojua kusoma waje na wasiojua, wakae wawili wawili.

Sisi wenyewe kazi haijaisha. Maji ya asubuhi ya leo yalikuwa mekundu tena, si kwa sababu ya shamba letu, bali la juu yake, ambalo mwenye nalo anakaa Bukavu na amelikodisha kwa mama mmoja mjane muhula kwa muhula. Mama yule hathubutu kuchimba, na tunajua kwa nini. Jumatatu wawili wetu watapanda gari kwenda mjini kumtafuta mwenye shamba. Wamebeba jogoo, nakala ya karatasi yetu, na yule mjane amesema ataenda nao.